Fundi wa Kukazia Majina

Fidencio Arancibia aliposhuka basi Villa Esmeralda na kuona foleni ya kujiandikisha kupiga kura imezunguka kanisa, roho yake ilisuuzika. Baridi ya kukata masikio, na watu wote wale wana hofu moja: usipopiga kura, benki haikuhudumii miezi mitatu. Hofu tele, na hakuna aliyeitia bei!

Akafungua mwavuli, akapanga meza, muhuri na mshumaa mwekundu.

"Kuandikwa si kitu, mama," alimwambia mteja wa kwanza. "Majina yanadondoka humo daftarini. Mimi nayakazia. Boliviano kumi tu."

"Na likidondoka tena?"

"Nililolikazia mimi? Labda ulidondoshe wewe!"

Muhuri ukapigwa kwenye nta, mtu akaondoka na karatasi yake kifuani. Msimcheke. Wagombea wetu wametuuzia daraja lile lile mara nne, na hata karatasi hawakutupa.

Doña Casilda, anayeuza api, ule uji wa moto wa mahindi ya zambarau, alikuwa akimtazama tangu asubuhi.

"Kijana, na jina lako umelikazia?" akauliza kwa sauti ya kusikika na foleni nzima.

"Langu liko La Paz, mama. Imara kabisa."

"La Paz sisi tutaliona wapi? Jiandikishe hapa, ulikazie tukiona. Au unaogopa?"

Foleni yote ikamgeukia. Fidencio akapima: kukataa ni kufunga duka, kujiandikisha ni bure. Akaingia kwa waandikishaji, akatoa alama za vidole, akarudi na kujipigia muhuri kwa madaha ya askofu. Siku hiyo aliuza hadi nta ikamwishia.

Jambo moja hakuuliza. Wasimamizi wa meza za kura huokotwa kwa bahati nasibu kati ya waliojiandikisha, na mji wetu una watu wachache mno, bahati hiyo humwangukia karibu kila mtu. Haukupita muda, jina lake likabandikwa ukutani. Asiyetokea, faini yake ingemeza faida yote.

"Hongera, kijana," alisema Casilda. "Limekaza kweli."

Fidencio alicheka; akishatoroka, faini hiyo wangemdai wapi? Jumapili ya uchaguzi magari hayatembei, lakini basi la Jumamosi lilikuwepo, naye alilifikia akiwa na pesa zote ndani ya soksi. Dereva akaziba mlango kwa mguu.

"Unakwenda wapi, bosi? Kesho una meza. Na mimi ulinikazia. Nani ataniangalizia jina?"

Jumapili mji mzima ulijipanga mbele yake, kila mtu na nta yake. "Nionyeshe lilivyokaza," walimwambia, naye akawatafutia majina, mmoja mmoja, bure. Ya waliolipa na ya wasiolipa yalikaa pamoja, hayana tofauti hata chembe. Watu wakaona. Wakakunja karatasi zao, wakapiga kura, wakajipanga tena mlangoni.

Ilipofika saa nne vidole vilikuwa vimemganda. Hakuruhusiwa kuondoka mezani, maduka yamefungwa, na Casilda yuko mlangoni na sufuria inafuka moshi.

"Mama, kikombe kimoja."

"Boliviano kumi."

"Jana kilikuwa mbili!"

"Hiki nimekikazia."

Fidencio akavua kiatu, akachomoa noti kwenye soksi. Casilda akaipokea, akamkabidhi mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni.

"Teodora, chukua yako. Wengine tulieni, msisukumane. Ana hadi jioni hapa, na baridi hii atakunywa tu."