Taulo la Kitinda Mimba Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Kitinda mimba wangu anapigana Jumamosi, pambano lake la kwanza la kulipwa! Ngumi, mateke, mieleka, vyote kwa mkupuo, ndani ya kizimba cha pembe nane. Haya, sasa salamu: hujambo, daftari. Hata viatu sijavua.

Akishinda, mwandaaji anampa mkataba wa mapambano matatu. Akishindwa, anarudi kuuza misumari dukani kwa mjomba wake. Binti yangu na misumari wapi na wapi!

Nimempigia simu wifi. Furaha asiyoijua wifi ni nusu furaha. Akauliza kizimba si kile cha kuku. Mwanawe daktari wa meno, kutwa kuchungulia vinywa vya watu. Mimi nimewahi kusema neno? (Nimesema, ila si mbele yake.)

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda ukumbi wa mazoezi kumhoji Kocha. Siwezi kumtoa mwanangu kwa mchezo nisioujua ukoo wake. Kocha alikuwa anafuta mikeka, akanijibu bila kuinuka. Ukoo upo. Wagiriki wa kale walichanganya ngumi na mieleka, marufuku kuuma na kuchokoana macho, basi. Baadaye Wabrazili wakawa wanaalikana kupigana, huyu na jujitsu yake, yule na ngumi zake. Mwaka tisini na tatu Wamarekani wakajenga kizimba wajue mtindo upi mkali. Uzito haukuangaliwa, mwembamba alipangiwa jitu. Wakubwa wakaja juu, ndipo sheria zikaongezwa: glavu, mizani, raundi tatu za dakika tano, raundi tano kama ni ubingwa. Unashinda kwa kumzimisha mwenzako, kwa kumbana mpaka agonge mkono kukubali yaishe, au kwa pointi za majaji. Hakuna kupiga kichwa, kuvuta nywele, kupiga kisogo.

Nikamwambia sheria hizo nilizitunga mimi, nilipolea watoto watano chumba kimoja. Hakubisha.

Alipobisha ni niliposema nitakaa kona ya mwanangu. Eti kona ni watu watatu tu: yeye, msaidizi wake na mbeba ndoo. Mimi niliyembeba miezi tisa sina nafasi, ndoo ina mtu wake!

Nimefanya uchunguzi. Mbeba ndoo anaoa mwezi ujao na suruali ya harusi hana. Mimi cherehani ninayo.

Alhamisi, 6 Machi

Dharau. Nimemshonea Kitinda joho la kumetameta, mikono mipana, mkia wa kuburuzika. Akasema kizimbani haliruhusiwi. Kaptura na kisibau cha kubana, miguu pekupeku. Mtoto wa fundi atoke mbele za watu kama aliyeamshwa na moto!

Aliponiona nimenuna akaniambia taratibu nimtengenezee taulo la begani. Nimelitarizi kwa uzi mwekundu: MTOTO WA MAMA. Herufi zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nimejaribu.

Ijumaa, 7 Machi

Kupima uzito. Kitinda kapita. Mpinzani wake, wanamwita Nyundo, akaja kumkodolea macho pua kwa pua, wapiga picha wakashangilia. Nikapanda jukwaani nikamuuliza kwao hawasalimii wakubwa. Akarudi nyuma, akaniamkia shikamoo. Nikaitikia, ningefanyaje? Mtoto ana adabu. Inaudhi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Mbeba ndoo kashikwa na tumbo la ghafla, kama tulivyopatana. Kocha akanitazama, akaitazama ndoo, akanikabidhi. Akasema nisirushe kitu chochote ndani. Nilidhani anasemea takataka.

Kwanza mkaguzi akamkuta Kitinda na mafuta ya nazi mwili mzima. Akamfuta yote. Eti ni hila, mpinzani akimshika atateleza. Nimempaka mafuta tangu siku aliyozaliwa, leo nimekuwa tapeli!

Raundi ya kwanza Nyundo alimchapa mwanangu, sikuangalia. Ya pili Kitinda akamwangusha, akaunasa mkono wake, akaukunja vile ninavyokunja shuka. Nyundo akawa anahema. Ukumbi wote ukasimama, wifi yumo. Nikaona wasione taulo langu leo, waone lini? Nikalirusha juu. Likapaa vizuri mno, likavuka uzio, likatua migongoni mwao, maandishi juu.

Mwamuzi akajitupa katikati, akawatenganisha. Nikapiga vigelegele. Kumbe aliyeinuliwa mkono ni Nyundo. Kona ikirusha taulo, Kocha akasema, imesalimu amri.

Nani kaamua hivyo? Taulo ni la jasho!

Kitinda hakugomba. Alikaa kwenye kigoda, kanifunika mabega kwa lile taulo, akasema, "Mama, alikuwa anainua mkono agonge."



Jumapili, 9 Machi

Asubuhi kabisa mlango ukagongwa. Nyundo, mkono kwenye bandeji, shikamoo tena. Akasema kweli alikuwa anakubali yaishe, yeye ushindi wa taulo hauli, anataka warudiane. Wamekwenda wote wawili kwa mwandaaji. Kakubali, na mkataba bado upo kwa atakayeshinda. Sharti moja tu: mimi nikae jukwaa la watazamaji, mbali na kona, na taulo nisiguse.

Nimekula kiapo mbele ya Kitinda. Akanibusu shavu. Taulo sigusi.

Sheria imesema taulo. Shuka haijatajwa. Ninayo ya kitanda cha sita kwa sita, nyeupe, na uzi mwekundu umebaki tele. Nitaishusha kutoka jukwaa la juu wakati mzuri ukifika.

Mbeba ndoo kapita jioni kushukuru. Suruali imemkaa. Koti hana. Tutaongea.

Nimewaambia wote, mjomba na duka lake, wifi na daktari wake wa vinywa, waje mapema wakae chini yangu: Jumamosi, tarehe 12 Aprili.