Ndege ya Mama Émerence

Wananchi wa Kamina, na ninyi wa Base, na ninyi mliofika kutoka Malemba-Nkulu na mizigo kichwani: ninayo furaha kubwa kuwatangazia kwamba njaa imehakikiwa. Si njaa ya maneno, ile ya kulialia sokoni, bali njaa iliyopita ndani ya mashine ikatoka na namba. Sasa tunajua nani ana njaa kweli na nani anajisikia tu.

Aliyeongoza kazi hiyo ni mimi, Zébédée Kitwa, mwana wa katekista, mwenye diploma, Mratibu wa Biro ya Kulinganisha Data za Chakula. Nasema hivyo bila kujisifu. Wa kunisifu walikuwepo wengi, siku hizi wamepungua, na sababu yake nitaieleza kwa utaratibu.

Kila mwezi unga wa msaada ulikuwa unatufikia, mifuko ya mahindi na maharagwe kidogo, kwa wajane wa askari, kwa waliokimbia vita, kwa wazee wasio na mtu. Kinshasa wakauliza swali la akili sana: hawa wanaokula, wana haki ya kula? Wakatutumia mashine. Unaipa majina ya waombaji upande huu na mali zao upande ule, nayo inalinganisha na kusema nani apate na nani arudi nyumbani.

Majina hayakutusumbua. Shida ilikuwa mali, kwa maana daftari la magari la Kamina lililiwa na mchwa, na la nyumba lilikuwa linaliwa na mchwa walewale. Hapo nikapata wazo. Kila mwombaji alikuwa ameleta picha yake, nzima, toka kichwa mpaka miguu, ili tuthibitishe kwamba yuko hai. Na mashine yetu ilikuwa na macho. Ukiionyesha picha, inakutajia kila kitu kilichomo.

Lazima nieleze kwamba Kamina hatupigi picha ovyo. Picha ni heshima. Unaoga, unavaa, unakwenda kwa Malachie nyuma ya soko, naye anakusimamisha mbele ya pazia lake. Pazia hilo alilichora mwenyewe: nyumba ya ghorofa, gari jeupe, frigo, yaani jokofu, iliyosimama bustanini katikati ya maua, na juu, ndege, kwa sababu Malachie alikulia Base, kambi ya jeshi yenye uwanja wa ndege. Hapa hakuna asiye na picha na ile ndege. Mabibi harusi wanayo, waliobatizwa wanayo, hata marehemu wengi wanayo.

Mashine ilifanya kazi asubuhi nzima. Matokeo yalinitoa machozi ya furaha. Lakini Talitha, mtaalamu wetu wa mashine, binti ya pasta, ni mtu asiyejua kufurahi.

“Chef,” alisema, “Kamina muzima iko na ndege.”

“Kwani iko mubaya?”

“Zote ziko na mukunjo katikati.”

Nikasogea nikaangalia. Kweli, kila ndege ilikuwa na mkunjo, toka bawa hili mpaka bawa lile.

“Ni ndege za kukunja,” nikamwambia. “Teknolojia inaenda mbele. Andika.”

Tukaandika. Umaskini wa Kamina ulikwisha kabla ya saa ya kula. Kinshasa walitupongeza kwa barua yenye mihuri miwili. Unga ukabaki stoo ukimsubiri maskini, na mimi nikapanga zamu ya kuulinda usije ukaliwa na matajiri.

Wiki ileile akaja Mama Émerence Bokungu, mjane wa sajini, muuza mikate ya mafuta huko Base, mwenye kulea wajukuu watatu peke yake. Alikuja kwa miguu. Vumbi la njia lilikuwa limempanda mpaka magotini.

“Jambo, papa chef. Banasema jina yangu ilitoka ku liste ya unga. Ju ya nini?”

“Jambo, mama.” Nikamwonyesha kiti. “Ikala. Habari yako ni nzuri sana. Uko na ndege.”

“Niko na nini?”

“Ndege. Na frigo, na gari nyeupe, na nyumba ya étage. Félicitations.”

Alicheka. Alicheka mpaka akashika meza yangu, na mimi nikacheka naye kidogo kwa adabu. Halafu akaacha kucheka.

“Papa chef, ile iko rideau ya Malachie, ile pazia alichora.”

“Mama, mashine haijue rideau. Mashine inajua data.”

“Bajukuu yangu habayakula muzuri tangu yuzi. Salomé, ule mudogo, alianguka ku masomo, batoto benzake banaimba, yeye chini. Mangaribi minabapikia mayi na chumvi, minabaambia iko supu. Banaanza kujua haiko supu.”

Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana kusikiliza kumo katika majukumu yangu. Kisha nikamuuliza kwa upole, kama kanuni inavyotaka:

“Jana mulikula nini?”

“Jana? Jana jirani alitupatia bukari, na sombe kidogo.” Yaani ugali na kisamvu.

“Aa. Basi uko na jirani.” Nikamgeukia Talitha. “Andika: jirani, moja. Mali isiyohamishika.”

Hicho ni kifungu cha saba cha kanuni za biro, na mtungaji wake ni mimi. Kinasema kwamba mwenye kupewa chakula na mtu mwingine ana jirani, na mwenye jirani hahesabiwi kuwa na njaa. Kinshasa walikipenda. Walipenda pia kifungu changu cha nane, kwamba biro ya njaa isiongozwe na mtu mwenye njaa, bali na mtu wa mali, kwa maana mwenye njaa hawezi kuulinda unga. Vifungu hivi viwili nilikuwa nikivisoma nyumbani kwa sauti baada ya chakula.

“Sasa minafanya je?” Mama Émerence akauliza.

“Uza ndege, mama.”

“Nzambe na ngai!” akamwita Mungu wake, kwa Lingala ya Base.

“Ao leta attestation, barua ya komanda wa Base, aseme kama hauna ndege.”

Akaenda. Wiki iliyofuata akarudi, bado kwa miguu. Komanda alikuwa amemjibu kwamba ndege zake yeye anazijua zote, lakini hawezi kuweka saini juu ya kutokuwepo kwa ndege ambayo hajaiona. Nikamwambia komanda yuko sahihi, yeye arudi kumfuata tena. Akarudi tena, na tena. Talitha alikuwa akiandika kila ujio wake, kwa kuwa biro yetu haipotezi kitu. Mama Émerence hakunitukana hata mara moja. Alikuwa akiuangalia tu ule mlango wa stoo, kisha ananiangalia mimi. Nasema wazi, nilijisikia vibaya. Siku moja nilijisikia vibaya hata nikaacha nusu ya samaki wangu wa Mulongo.

Malachie naye alikuja kulalamika, pazia begani. Akalitandaza juu ya meza yangu, juu ya kalamu na chai yangu.

“Chef, ndege njo hii! Nilichora na rangi ya mulango!”

“Malachie,” nikamwambia, “hii ni picha ya ndege. Sisi tunashughulika na ndege.”

Akalikunja pazia lake katikati, pale linapokunjwa siku zote, akatoka bila kuaga.

Basi Kinshasa, kwa kuridhika na kazi yetu, wakatoa agizo jipya: mashine ilinganishe watu wote wa Kamina bila upendeleo, pamoja na watumishi wa biro. Nilipiga makofi. Mimi ndiye niliyependekeza neno “bila upendeleo”.

Sisi watumishi hatupigi picha kwa Malachie. Tuna kadi za kazi, na picha za kadi hizo Talitha alitupiga hapahapa biro, mbele ya ukuta wa nyuma, ule uliopasuka tangu mvua za mwaka juzi na ambao fedha za kuutengeneza zilipata kazi nyingine. Mashine ilizitazama picha zetu. Ikaona mtu, ufa, na mjusi. Ikatafuta gari, hakuna. Ikatafuta ghorofa, hakuna. Ikatafuta ndege.

Kwa hiyo Kamina ilipata maskini wake hatimaye, na maskini hao walikuwa sisi.

Yaliyofuata yalifuata kwa akili safi kabisa, siwezi kuyapinga. Maskini hana mshahara. Mimi nilikuwa na mshahara, kwa hiyo ulikuwa ni makosa, ukasimamishwa mpaka maelezo yapatikane. Kisha kifungu cha nane: biro haiwezi kuongozwa na mwenye njaa. Kinshasa wakaiuliza mashine, nani Kamina ni mtu wa mali na pia anaijua biro hii vizuri? Jibu lilitoka Talitha akiwa bado anapangusa kioo cha mashine: Bokungu Émerence. Ndege, frigo, gari, ghorofa. Na hakuna raia aliyefika biro mara nyingi kumshinda.

Hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipomwona Talitha akitabasamu.

Mama Émerence aliletwa na gari la kazi, ambalo hadi jana yake lilikuwa likinileta mimi. Akaketi kwenye kiti changu, akajaribu kukizungusha, kikalia, akasema hiki kinahitaji mafuta. Kisha akamwita Malachie.

“Picha zote turudilie,” akamwambia. “Hapa, ku ukuta wetu.”

“Bila rideau?”

“Bila rideau.”

Mstari ulitoka mlangoni ukafika mpaka karibu na reli. Haikuwa rahisi. Watu walikuja wameoga na kuvaa, na walipoona ufa wakakasirika. Mzee mmoja alisema hapigwi picha na mjusi, yeye ana heshima zake, angalau wampe frigo. Malachie aliwabembeleza mmoja mmoja. Mashine ikaona mtu, ufa, mjusi. Mtu, ufa, mjusi. Na saa nane mlango wa stoo ukafunguliwa. Salomé, yule mdogo, alikuwa amekaa chini ya meza ya bibi yake na sahani ya bukari, anakula bila kuinua kichwa. Nilipomwona nilifurahi. Niliona pia haya, lakini hilo halimo katika ripoti.

Maelezo kuhusu mshahara wangu hayakupatikana. Mwezi ukaisha. Béthanie, mke wangu, alinivumilia kwa siku nyingi nikimweleza kuhusu mashine, mwishowe akanitia mfuko mtupu mkononi.

“Baba,” akasema, “ile data yako haiivi. Enda ku mustari.”

Nikaenda. Walionitangulia walinisalimu vizuri, papa Mratibu huku, papa Mratibu kule. Hakuna aliyenipisha.

Zamu yangu ilipofika, Mama Émerence alinionyesha kiti, kilekile nilichokuwa nikimpa yeye.

“Jambo, papa Zébédée. Ikala. Jana mulikula nini?”

Mimi ni mwana wa katekista, siwezi kusema uongo mbele ya watu.

“Bukari, mama. Na sombe.”

“Nani alibapatia?”

Nikamwangalia Talitha. Talitha alikuwa ameshainua kalamu.

“Ni weye, mama. Ulimutumia Béthanie sahani, ilifika na gari ya kazi.”

“Aa,” akasema. “Basi uko na jirani.”

Nyuma yangu mstari mzima ukasogea karibu usikie. Kifungu cha saba walikijua wote, wengi wao kiliwahi kuwaangusha. Nikatafuta pa kutokea. Nilikuwa nimekitunga vizuri sana, sikuacha mlango wala dirisha. Tumbo langu likalia, likasikika mpaka kwa Malachie kule ukutani.

“Ile kifungu iko ya kwako, papa,” akasema Mama Émerence. “Tukifuate, ao tukupimie unga?”

Nikainamisha kichwa. “Unga, mama.”

“Banyuma habakusikia.”

“Unga!” nikapaza sauti.

Wakacheka, mstari wote, mpaka kule relini ambako hawakujua wanacheka nini. Mama Émerence naye alicheka, akashika meza kama siku ile ya ndege, akamwambia Talitha anipimie kopo lijae, alipige-pige unga ushuke, aongeze juu. Mimi nikafungua mfuko wangu kwa mikono miwili.