Hema Lililoondoka na Baba Mkwe

Leo nimepatikana. Tena mbele ya baba mkwe, mtu ambaye hata kukohoa mbele yake huwa nafikiria kwanza.

Msimu wa kulima mpunga umefika, na sisi wa Lipangalala tunahamia mashambani. Mke wangu, Tabu, akakataa kulala kwenye hema langu. Alisema yeye si mchele, halali ndani ya mfuko. Akarudi kwao Kiberege. (Simlaumu. Kwa mbali linafanana na mfuko.) Baba yake akatuma neno: atakuja kulikagua mwenyewe. Likimridhisha, Tabu atarudi.

Hema niliachiwa na mzungu mmoja aliyetoka kupanda milima ya Udzungwa. Limepigwa na masika na masika, halijachanika. Ubaya ni vigingi. Udongo wetu wa mbuga ukilowa, vinachomoka vyenyewe. Kwa hiyo leo nikafunga kamba zote kwenye plau ya jirani yangu, Mzee Masanja, aliyoilaza ukingoni huku ng'ombe wake wakila majani. Nikajiona fundi. (Sikumwambia. Hilo ni kosa langu, si lake.)

Baba mkwe akafika. Shikamoo, marahaba, na wingu nalo likafunga.

"Ingia baba, ujionee."

"Na wewe je, mkwe?"

"Mimi nasimama hapa hapa."

Hema ni dogo, na kubanana mabega na mkwe siwezi. Nikamfungia zipu kwa nje. (Ya ndani imekufa. Hakuuliza.)

Mvua ikashuka na upepo wake. Mzee Masanja akaja mbio, kiroba kichwani kikimziba macho, akafunga ng'ombe kwenye plau, akawaswaga kwenda nyumbani. Hema likafuata.

Nikakimbia nyuma yao. "Mzee, simama! Unaondoka na mkwe wangu!"

"Mkeo yuko kwao," akajibu bila kugeuka. "Mimi sijamchukua."

"Mkwe!"

"Nimesema sijamchukua. Kamuulize baba yake."

Baba yake alikuwa anapita mbele yangu kwenye tope, ndani ya hema. Ng'ombe wakageuza shingo, wakaona kitu cha njano kinawafuata huku kinauliza kinapelekwa wapi. Wakaongeza mwendo. (Kwa haki, hata mimi ningeongeza.)

Walisimama kwenye mfereji, plau iliponasa. Nikafungua zipu. Baba mkwe akatoka kwa magoti, kofia imegeukia nyuma. Akapapasa shati. Akapapasa suruali. Kavu. Akalizunguka hema lote akitafuta tundu, asilione.

"Hema zuri," akasema. "Halivuji, halichaniki."

Moyo ukanirudi. "Kwa hiyo, baba, Tabu..."

"Nimesifu hema, mkwe. Wewe sijakusifu."

Akashika njia ya Kiberege, mvua ikimlowesha mwili mzima.

Jamani, mkicheka chekeni taratibu. Mwenzenu nalala peke yangu, ila pakavu.