Kamera ya Disketi Katika Harusi ya Salme

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Mpwa wangu Waleed ameniletea kutoka Mombasa kamera inayohifadhi picha katika disketi. Inachukua hata video fupi. Voi nzima haina nyingine. Mansur, aliyezishika harusi zote za mtaa wetu wa Kaloleni kwa lile likamera lake la kanda, ajiandae kuuza njugu.

Waleed ameonya kwamba mpangilio wa ukubwa wa picha ni wa picha tu. Video ina mpangilio wake. Nimemjibu kwamba sifundishwi na mtoto niliyemfunza irabu. Jicho la kamera ni moja. Likiamriwa kuona makubwa, litaona makubwa katika yote.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimemshawishi jirani yetu Bi Nasiha amwache Mansur, video ya harusi ya bintiye Salme niichukue mimi. Alisita. Salme ndiye bintiye wa pekee. Akishahamia Njukini kwa mumewe, mama atabaki na video tu. Nilimwahidi kwamba atahesabu kope za bibi harusi.

Mansur alipita akauliza, "Mwalimu, hicho kikopo kinakamua na juisi?"

Nimeweka mpangilio wa picha kuwa mkubwa kabisa. Wa video nimeuacha. Utafuata wenyewe.

Jumamosi, 7 Agosti

Siku ya kupamba, bibi harusi anapoonyeshwa kwa wanawake, wanaume hatuingii ukumbini. Nimemkabidhi mke wangu, Safaa, kamera na disketi zote, na amri ya kutogusa chochote ila kitufe. Nikakaa nje na wapishi, nikipokea pongezi mapema.

Safaa akatoka amekunja uso. Kila shangazi alitaka picha, na kila picha ilimeza disketi karibu nzima. Salme alipotolewa, ilibaki disketi moja, nayo ilikwisha kubeba shangazi wa Taveta akila sambusa. Nafasi iliyosalia ilitosha video ya pazia na vidole vya mguu wa Salme vyenye hina. Kisha kamera ikagoma. Safaa amesisitiza kwamba amri yangu aliitii kikamilifu.

Jumapili, 8 Agosti

Tumetazama katika kompyuta ya ofisi ya kupiga chapa. Picha ya shangazi ni safi. Chembe za sambusa zinaonekana kidevuni. Video ni ndogo kama stempu.

Bi Nasiha aliuliza kwa upole uso wa mwanawe uko wapi. Akaomba aonyeshwe tena vile vidole. Akavitazama tena na tena, akijifuta macho kwa mtandio. Nilitamani sakafu inimeze.

Jumanne Salme atavalishwa upya kabla ya safari. Dada yake Mansur atarekodi. Mimi nimeombwa nipange viti.

Jumatano, 11 Agosti

Viti nilivipanga vizuri. Katika kuvipanga, nimeligundua kosa: picha ilikuwa kubwa mno, ikaidhulumu video. Basi sasa nimeweka picha kuwa ndogo kabisa. Video, ikiona picha imenyenyekea, itapanuka yenyewe.

Mzee Mwandawiro wa Kishushe anamwoza bintiye mwezi ujao. Nimemshauri amwachishe kazi mpiga video wake leo hii.