Mlima wa Theluji ya Zambarau

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata ukuta. Mwenye mkahawa wa kona anataka milima, upande mzima, tena milima ambayo hakuna mchoraji mwingine aliyewahi kuichora. Nikamwambia milima ya namna hiyo haichorwi kwa kubahatisha, lazima nisafiri nikaione. Akaniruhusu wiki nzima na kunitakia safari njema. Nikaondoka na begi begani, nikazunguka nyuma ya soko, nikaingia nyumbani kwa mlango wa jikoni. Safari yenyewe iko kwenye televisheni.

Jumanne, 4 Machi
Gemu hii naicheza mwaka wa tatu na sijaua hata nzi. Wenzangu hukimbizana na maadui. Mimi hutembea. Leo nimekaa kando ya mto nikitazama ukungu ukipanda. Kijani kile hakipo kwenye kopo lolote la rangi. Mlima ninaoutaka una theluji ya zambarau na uko ng'ambo ya daraja. Darajani kuna zimwi. Nimejaribu kupita kwa adabu. Nimeliwa. Nimesubiri lilale. Halilali. Nimeliwa tena. Mke wangu akauliza kama hiyo ndiyo kazi.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia, aliweka chini kitambaa anachofuma.
"Mwanangu, mbona unajipeleka kuliwa?"
Nikamweleza kwamba mimi ni msanii, nafuata mandhari. Akaomba rimoti ya gemu. Akabonyeza vitu ambavyo sikujua vinabonyezeka. Zimwi likaanguka mtoni. Nikamshukuru, nikanyoosha mkono nirudishiwe rimoti. Hakuuona mkono.

Alhamisi, 6 Machi
Bado anayo. Anapita mabondeni kama mtu anayeachwa na gari, nami nachora mbiombio nyuma yake. Nilimsihi asimame ziwani nione kivuli cha mlima majini. Akasema ziwa halina miguu, litakuwepo tu. Adui mwenye pembe ndiye anayekimbia. Halafu akachoma msitu wa misonobari niliokuwa nimeuchora nusu.

Ijumaa, 7 Machi
Mbaya wangu ni Madoido, mwandika vibao vya maduka, ambaye amekuwa akiumezea mate ukuta ule. Aliniona dirishani nikichonga penseli, akaenda kusema. Mchana mwenye mkahawa akabisha hodi. Nikaingia nyuma ya pazia, nikamwashiria mama mkwe aseme sipo. Mama mkwe hasemi uongo.
"Yuko mlimani," akajibu bila kugeuka. "Karibu, baba, ila usipite mbele ya televisheni."
Mgeni akaona viatu vyangu chini ya pazia. Nikatoka. Akasema nimemfanya mjinga, na ukuta anampa Madoido. Wakati huohuo mama mkwe akafika kileleni, na zambarau ikajaa sebule nzima. Nikasahau kuomba radhi. Nikaanza kumwonyesha mgeni jinsi mwanga unavyolala kwenye theluji, na jinsi vivuli vyake vilivyo na bluu ndani. Akaketi. Mwishowe akauliza nyuma ya kilele kuna nini. Hakuna aliyejua kati yetu. Tukaenda kuona.

Jumamosi, 15 Machi
Ukuta nilirudishiwa, na sasa umekwisha. Wateja wanautazama mpaka chai inapoa. Mwenye mkahawa anawaambia amefika kule mwenyewe, kwa miguu. Madoido alikuja akasema mlima umepinda, kisha akakaa kuutazama mpaka meza zikafutwa.

Jumapili, 16 Machi
Msusi wa mtaa wa pili anataka bahari saluni kwake. Sasa nimepata akili: habari ya kusafiri haifai. Huyu nimemwambia mgongo unaniuma vibaya, daktari kaniamuru nilale ndani wiki nzima, nisitembelewe. Amenionea huruma sana. Mama mkwe ameahirisha kurudi kwake, anasema baharini hapakosi vitu vyenye meno. Nilimuaga msusi nikiwa nimeinama hivi, nikajikokota hadi kwenye kona, nikanyooka na kutimua mbio. Nikakumbana na Madoido akipeleka kibao saluni. Tumesalimiana vizuri tu. Sidhani kama ameona kitu.