Bibi Aliyeongoza Kukimbia

Jumanne, 2 Julai
Jumapili tunaigiza vita vya mababu. Upande utakaoshinda unapewa bendera ya mikia ya farasi, na kiongozi wake anakaa nayo mwaka mzima. Sasa iko kwa jirani yangu Khandsuren. Ameisimika mlangoni pa hema lake. Kila nikienda mtoni inanipungia. Mwaka huu ni yangu. Nina miaka sabini na moja, tandiko bado linanijua.

Mwalimu Sodov wa historia amepanga vita. Sisi tutajifanya tumeshindwa, tukimbie. Maadui watatufukuza mpaka safu yao ivunjike. Hapo tugeuke, tuwamiminie mishale. Mababu waliiteka nusu ya dunia hivyo. Nimesema naongoza mimi. Akauliza kama nimewahi kukimbia vita. Nikamjibu sijakimbia hata kimoja. Akasema basi, Mama, kazi hii ya kukimbia huiwezi. Mpumbavu.

Jumatano, 3 Julai
Farasi wangu dume anachechemea. Nitapanda jike jekundu tunayemkamua maziwa, hana wa kumfikia. Khandsuren, kiongozi wa maadui, kanicheka mbele ya watu: eti shujaa gani huyu anakwenda vitani na chakula cha wajukuu? Nikamwambia mababu walipanda majike, wakinywa maziwa njiani, ndiyo maana hawakusimama kupika. Mwalimu akasema ni kweli kabisa.

Uongozi nimepewa. Nimewaapisha wapiganaji wangu arobaini: atakayegeuka kabla yangu ni mwoga.

Ijumaa, 5 Julai
Mkwe wangu Naranjargal ananifundisha kazi. Eti, "Mama, mtoto wa huyo jike amefungwa kamba hapa. Maziwa yakijaa jike atarudi nyumbani, utake usitake." Nimemwambia nilikamua majike kabla mama yake hajaolewa. Tulimkamua jike asubuhi, tukaenda mazoezini. Kageuka mara tatu, safi. Naranjargal kanuna.

Jumapili, 7 Julai
Mkuu wa wilaya alihutubia. Akahutubia tena. Saa ya kukamua ikafika, ikapita.

Baragumu likalia, tukakimbia. Nyuma nasikia watu wanasifu: tazama Bibi Yanjmaa anavyokimbia, utadhani kweli. Mwalimu akaita kwenye kipaza sauti tugeuke. Nikavuta hatamu. Jike hana habari. Nikavuta kwa mikono miwili. Tukapanda kilima, tukashuka kilima. Wale arobaini nyuma yangu, hakuna aliyetaka kuitwa mwoga.

Jike kasimama nyumbani, mbele ya kamba ya watoto wa farasi, akamnyonyesha wake. Mashujaa arobaini wenye pinde wakaona mfuko wangu wa ngozi wenye maziwa machachu, wakaumaliza. Khandsuren hata hakutufukuza. Kakabidhiwa bendera bila kupigwa mshale mmoja.

Jumatatu, 8 Julai
Khandsuren kaja kuuliza kama nimemaliza kukimbia au nimepumzika tu. Nimempa chai ya chumvi. Hata adui hukaribishwa. Kanywa vikombe vitatu, mlafi.

Mwalimu anasema kosa ni kupanda jike anayenyonyesha. Vita anavijua vitabuni. Jike katimiza wajibu: kilomita saba hajapunguza mwendo. Kosa ni mtoto kufungwa upande usiofaa. Mwakani nitamfunga nyuma ya maadui, kwenye kichaka, tuwapasue katikati kama upepo. Nimeshachagua kichaka.

Naranjargal kauliza sasa bendera nitaichukuaje, ikiwa nitawapita tu maadui bila kusimama. Ndiyo maana yeye hapewi jeshi.