Ramani Halali ya Ziwa la Bugomora

Wananchi wote wa Bugomora walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichoazimwa kanisani, kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku mashua yoyote ya tanga kugusa maji bila ramani halali ya kielektroniki. Tangazo lilisomwa mara mbili ili mwenye mashua asijifanye hakusikia. Mashua ya tanga ilikuwa moja tu, tena ya serikali.

Ilikuwa imeletwa na wafadhili mwaka ule wa 1996, ivushe wagonjwa kwenda zahanati ya ng'ambo. Ilikuja na tanga jeupe, betri, na kimashine chenye kioo cha kuonyesha njia. Ramani yenyewe, inayokaa ndani ya kikaseti kama kiberiti, haikuja. Ilipasa kununuliwa. Na kwa kuwa siku hizo hata betri za tochi zilikuwa za kuchakachua, Bwana Egbert, Afisa wa Usafiri wa Ziwa, hakutaka mchezo. Aliunda Kamati ya Kudhibiti Ramani Bandia, akajiteua mwenyekiti, akajipongeza kwa niaba ya wajumbe.

Kamati ikiwa kikaoni, akafika Nyirabageni na mumewe Theoneste, mkulima wa migomba, wamembeba mama mkwe kwenye machela ya fito.

"Shikamoo Bwana Afisa. Mama homa imempanda kichwani. Tuvushie."

"Marahaba. Mama, unataka mgonjwa afe kwa ramani bandia?"

"Sitaki afe kwa chochote. Ng'ambo si ile? Hata mbuzi wa zahanati namwona."

"Unamwona kienyeji," Egbert alimjibu kwa upole. Aliwahurumia kwa dhati watu wanaotegemea macho.

Wakamlaza mama kwenye mtumbwi wa jirani, wakapiga kasia. Egbert aliwasindikiza kwa macho mpaka wakafika salama. Kufika kule bila utaratibu kulimuudhi kutwa nzima.

Kesho yake alikwenda Nkwenda, dukani kwa Abdulatifu, muuza redio, mtu mwenye asili ya Tanga.

"Ramani ya kaziwa kenu mimi sijaiona," alisema Abdulatifu. "Ukiipata, usihadaike na lebo, lebo hata mimi nabandika. Waulize waliotengeneza mashine kama muuzaji wanamtambua. Na kabla hujanunua, kitumbukize kwenye mashine, uone kama ziwa lako limo."

Egbert alishtuka. Kujaribu kitu kabla ya kukinunua! Hakika huyu alikuwa na hila. Akaenda gesti ya jirani kwa wakala mmoja mwenye tai, ambaye kikaseti chake kilikuwa na mihuri minne. Egbert alipoikagua, wakala akaongeza wa tano pale pale, wino ukiwa mbichi. Afisa akaridhika kabisa, akakinunua.

Siku ya uzinduzi akaja Mkuu kutoka wilayani, na suti yake, na ukungu wa asubuhi. Egbert akawasha mashine. Kioo kikaonyesha bahari pana, visiwa, na mnara wa taa.

"Twende kulia, Mheshimiwa. Kina ni mita arobaini."

Walikwenda kulia. Mashua ikakoroma, ikasimama.

"Egbert, mbona mafunjo yananiingia sikioni?"

"Kwa mujibu wa ramani, Mheshimiwa, hayapo."

"Na huyu kiboko?"

Egbert akakagua kioo kwa makini. "Naye hayupo."

Asiyekuwepo akapiga chafya. Mkuu akavua viatu, akajitosa kwenye tope, akafika nchi kavu akiwa na soksi moja.

Egbert hakulala. Kukiri kwamba ramani ni bandia ni kukiri kwamba mwenyekiti ni bandia. Akatoa taarifa ya Kamati: ramani ina mihuri mitano, ziwa halina hata mmoja. Kwa hiyo ramani ni halali. Ziwa ndilo bandia.

Mkuu, aliyekuwa akitafuta pa kuficha aibu ya soksi, aliipitisha bila kubadilisha nukta. Wilaya ikaielewa vizuri mno. Ziwa bandia likafutwa kwenye orodha ya maziwa, na cheo cha Afisa wa Usafiri wa Ziwa kikafutwa nalo. Mkuu, kwa kuzindua usafiri mahali pasipo na maji, akaitwa Dodoma kujieleza. Mashua, kwa kukosa ziwa, ikaachiwa wanakijiji waifanye banda la kuku.

Hawakuifanya banda. Waliisukuma majini wakaanza kuvusha wagonjwa.

Egbert alipotoka na godoro lake kichwani kurudi kwao, alisimama ufukweni muda mrefu kabla ya kupunga mkono.

"Bwana Afisa!" aliita Nyirabageni. Mama mkwe wake alikuwa ameketi mbele, mzima, akitafuna mhogo.

"Si afisa tena."

"Basi baba, panda."

Akapanda. Mbao zilikuwa zimeachia tangu yale mafunjo, na katikati ya safari maji yakaanza kulilowesha godoro. Nyirabageni akamkabidhi kopo la rangi.

"Chota, baba. Ukizembea tutazama, na hakuna atakayejua tulizama wapi."